Mkwawa, 2005: Uchambuzi wa kisa cha shule iliyogeuzwa chuo kikuu cha walimu

Mwaka 2005 Serikali ya Tanzania ilichukua taasisi mbili zilizokuwa zikijulikana kwa kazi nyingine, Chuo cha Ualimu cha Chang'ombe jijini Dar es Salaam na Shule ya Mkwawa mjini Iringa, ikazipandisha hadhi kuwa vyuo vikuu vishiriki vya elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vikaitwa DUCE na MUCE, na mpaka leo watu huvitaja kwa vifupisho hivyo kuliko kwa majina kamili. Wanaosimulia habari zake aghalabu huishia kwenye kauli moja, kwamba nchi ilikuwa na upungufu wa walimu, basi vyuo vikafunguliwa. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haielezi kwa nini ilichaguliwa njia hii badala ya nyingine, wala haielezi chuo kilichoanzishwa kwa haraka namna hiyo hupata wapi desturi zake, maana chuo kikuu hakiwi chuo kikuu kwa tangazo la Serikali peke yake. Uchambuzi huu unashika kisa cha Mkwawa, kwa sababu eneo lenyewe lina historia yenye mizunguko mingi na kwa sababu faida na gharama za uamuzi wa 2005 zinaonekana pale kwa uwazi zaidi. Hoja yangu ni kwamba uamuzi huo ulifaulu pale ulipoazima, ukapwaya pale ulipotakiwa kujenga.

Eneo na majina yake

Majengo ya Mkwawa hayakujengwa kwa ajili ya Wahehe, wenyeji wa Iringa, wala kwa ajili ya Mwafrika yeyote. Yalijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 yawe shule ya bweni ya watoto wa Kizungu waliokuwa Tanganyika, na shule hiyo ikaitwa St. Michael's and St. George's, majina yaleyale ya nishani ambayo Uingereza imekuwa ikiwatunuku magavana na mabalozi wake. Baadhi ya wanafunzi wa mwanzo walihamishiwa hapo kutoka Kongwa, ambako shule ya Wazungu ilikuwa imeanzishwa kutokana na mradi wa karanga, ule mradi mkubwa wa Waingereza ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951 baada ya kumeza fedha nyingi na kuvuna kidogo. Kwa hiyo hata kabla ya uhuru, shule ya Iringa ilikuwa tayari imerithi watu na mali kutoka kwenye mradi wa dharura uliokwama. Msomaji atavumilia nikisema kwamba eneo hili limezoea kupokea mabaki ya mipango ya Serikali.

Jambo la kushangaza zaidi ni wakati wenyewe wa ujenzi. Juni 1954 Gavana Edward Twining alifika Kalenga, kilomita chache kutoka mjini Iringa, akakabidhi fuvu la Mtwa (yaani chifu) Mkwawa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania kwa miaka mingi. Mkwawa ndiye aliyeongoza Wahehe kukiangamiza kikosi cha Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Ngome yake ya Kalenga ilitekwa 1894, naye akaendelea kupigana msituni mpaka Julai 1898, alipojiua ili asikamatwe. Fuvu lake lilitajwa hata katika Mkataba wa Versailles, uliowataka Wajerumani walirudishe, na bado ilipita zaidi ya miaka thelathini kabla ya kufika Kalenga. Ni utawala huohuo wa kikoloni uliomrudishia Mkwawa heshima yake katika sherehe moja, kisha miaka michache baadaye ukajenga katika nchi yake shule ambayo mtoto wa Kihehe asingeweza kuingia.

Baada ya uhuru shule ilifunguliwa kwa Waafrika na kupewa jina la Mkwawa. Kwa vizazi kadhaa vya Watanzania jina hilo lilimaanisha kidato cha tano na cha sita, na vilevile mafunzo ya stashahada ya ualimu. Mfano unaojulikana zaidi ni wa John Magufuli, aliyesoma kidato cha tano na cha sita hapo kuanzia 1979 hadi 1981, akabaki hapohapo kuchukua stashahada ya ualimu wa sayansi katika kemia na hisabati, kisha akaenda kufundisha Sengerema. Nitamrudia, kwa sababu historia ya Mkwawa na historia ya uamuzi wake akiwa Rais zinakutana mahali ambapo pengine yeye mwenyewe hakupatarajia.

Iringa haikuwa ngeni kwa ualimu. Mjini humo kipo pia Chuo cha Ualimu Klerruu, kilichopewa jina la Dk. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa aliyeuawa na mkulima mmoja huko Isimani siku ya Krismasi ya 1971, katika mvutano wa siasa ya vijiji vya ujamaa. Mji mdogo wa nyanda za juu, baridi yake kali asubuhi, una vyuo viwili vya walimu vyenye majina ya watu wawili waliokufa kifo kisicho cha kawaida kwa sababu ya swali moja, nani aitawale ardhi ya Uhehe. Hayo yamo kwenye vibao vya barabarani, lakini ni nadra kuyasikia yakifundishwa kwa pamoja.

Uamuzi wa 2005

Ili kuuelewa uamuzi wenyewe ni lazima kurudi nyuma kidogo. Kabla ya uhuru, Mtanganyika aliyetaka kusomea ualimu wa sekondari alielekea Makerere, kama alivyofanya Julius Nyerere kati ya 1943 na 1945. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mafunzo ya shahada za ualimu katika miaka ya 1960, lakini elimu ikawa kitivo kamili mwaka 1989 tu. Kwa muda mrefu sekondari zilikuwa chache, kwa hiyo Mlimani, yaani kampasi kuu ya chuo hicho, palitosha, pakisaidiwa na vyuo vya stashahada. Shida kubwa ilikuwa upande wa shule za msingi. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977, na walimu walipokosekana, vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa wakiwa vijijini, wakifundisha huku wakisoma. Wakaitwa walimu wa UPE, kifupisho cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Wengi wao walifanya kazi nzuri katika mazingira magumu, ila jina hilo liliwafuata kama doa mpaka walipostaafu.

Historia ilijirudia miaka ishirini na mitano baadaye, safari hii ikianzia msingi na kupanda. Ada ya shule za msingi ilifutwa 2001, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza 2002, madarasa yakajaa, na kila mtu mwenye kikokotoo mkononi aliweza kuona kwamba wimbi hilo lingegonga milango ya sekondari kabla ya muongo kwisha. Mpango wa sekondari, MMES, ulianza 2004. Kisha zikaja shule za kata, ambazo kuanzia 2006 zilijengwa kwa nguvu za wananchi, kwa michango na kwa msukumo mkali wa viongozi wa mikoa na wilaya. Mwaka 2005 Tanzania ilikuwa na shule za sekondari zaidi ya 1,700 zenye wanafunzi wapatao laki tano na ushee. Mwaka 2010 shule zilikuwa zaidi ya 4,200 na wanafunzi zaidi ya milioni moja na laki sita. Hakuna mfumo wa kuandaa walimu unaoweza kuhimili ongezeko la mara tatu katika miaka mitano bila kuyumba.

Serikali ilijibu kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na hapa ndipo penye kiini cha kisa. Njia ya kwanza ilikuwa kuwachukua vijana waliomaliza kidato cha sita, kuwapa mafunzo ya wiki chache pamoja na leseni ya kufundisha, na kuwapeleka moja kwa moja madarasani. Wananchi hawakuchelewa kuwapa jina: wakawaita voda fasta, kwa kufananisha na muda wa maongezi uliokuwa ukirushwa kwenye simu papo hapo. Njia ya pili ilikuwa kuanzisha vyuo vikuu vishiriki vya elimu ambavyo mhitimu wake wa kwanza asingeweza kutoka kabla ya 2008, kwa kuwa shahada ya ualimu huchukua miaka mitatu. Njia hizo mbili zilihesabu muda kwa saa tofauti. Ya kwanza ilimjibu mzazi aliyechangia matofali na kutaka kuona mwalimu Januari, ya pili ilimjibu mtoto wa mzazi huyo atakapofika kidato cha nne.

Wapo waliosema wakati ule, na wapo wanaosema bado, kwamba ingekuwa bora kupanua Kitivo cha Elimu cha Mlimani kuliko kutawanya nguvu. Sikubaliani nao. Mlimani palikuwa tayari pamebanwa kwa mabweni na kumbi, na ujenzi mpya ungechukua miaka ileile ambayo nchi haikuwa nayo. Chang'ombe na Mkwawa palikuwa na mabweni, majiko, viwanja na madarasa yaliyosimama. Ukweli ni kwamba bweni la sekondari si bweni la chuo kikuu, na maabara ya kidato cha sita si maabara ya shahada, lakini wanafunzi wa kwanza waliweza kupokewa mwaka huohuo wa masomo. Lipo pia suala la mahali. Chuo Kikuu Kishiriki cha Tumaini kilikuwapo Iringa tangu miaka ya 1990, na katika kipindi hichohicho cha 2005 Kanisa Katoliki lilianzisha chuo chake cha Ruaha. Mkwawa ilipojiunga navyo, mji ambao zamani ulijulikana kwa mahindi, mbao na baridi uligeuka kuwa mji wa wanachuo.

Mila iliyoazimwa na mila iliyojengwa

Chuo kishiriki kina nafuu moja ambayo chuo kipya kinachojitegemea hakina. Cheti cha mhitimu wa Mkwawa ni cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtaala wake ulipitishwa na Seneti ya Mlimani, mitihani yake inafuata kanuni za Mlimani, na siku ya mahafali shahada hutunukiwa na Mkuu wa Chuo yuleyule, kwa majoho yaleyale na maneno yaleyale. Kiongozi wa chuo huitwa Rasi, naye huwajibika kwa Makamu Mkuu wa Chuo aliyeko Dar es Salaam, umbali wa kilomita kama 500. Kwa hiyo Mkwawa haikulazimika kumshawishi mwajiri yeyote kwamba shahada yake ina thamani. Heshima hiyo iliazimwa siku ya kwanza, na hilo si jambo dogo, kwa kuwa vyuo vingi vilivyozaliwa katika miaka hiyo vilitumia muda mrefu kupigania jina kabla ya kupigania ubora.

Vilevile kulikuwa na mila ambayo iliachwa, na sidhani kama iliachwa kwa kufikiriwa sana. Chuo cha ualimu cha Tanzania, kile cha cheti au stashahada, kina nidhamu inayofanana na shule: wanachuo huvaa sare, hupanga mstari asubuhi, hukaguliwa mabweni, hupewa zamu, hulima bustani na hufanya usafi kama sehemu ya Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa 1967. Mwalimu tarajali anajifunza kuendesha shule kwa kuishi katika shule. Chuo kikuu hakina hayo. Mwanachuo wa shahada huvaa atakavyo, huamka atakapo, hupanga chumba mtaani asipopata bweni, na hakuna mtu wa kumuuliza kwa nini hakuhudhuria mstarini. Mhitimu wa shahada huenda shuleni akiwa na somo lake kichwani, lakini siku anapopewa kazi ya mwalimu wa zamu, aghalabu hujifunza kutoka kwa mwenye stashahada aliyemkuta pale. Walimu wakuu wengi huliona jambo hili, ingawa hulisema kwa upole.

Kinachobaki, na ndicho kinachokifanya chuo hiki kiwe cha walimu, ni mazoezi ya kufundisha. Wanafunzi wenyewe huyaita TP, kifupisho cha Kiingereza cha teaching practice. Katika likizo ndefu husambazwa kwenye shule za sekondari za mikoa mbalimbali na kukaa huko wiki kadhaa wakifundisha masomo yao mawili ya kufundishia. Kila mmoja huandaa azimio la kazi, yaani ratiba ya mada za muhula mzima, na kwa kila kipindi huandaa andalio la somo. Anayefahamu karatasi hiyo anajua jinsi ilivyo: juu kuna tarehe, darasa, kipindi, idadi ya wanafunzi walioandikishwa na waliohudhuria, chini yake malengo, zana na rejea, kisha jedwali la hatua za somo kuanzia utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri mpaka hitimisho, na mkabala wa kila hatua shughuli za mwalimu zikitenganishwa na shughuli za wanafunzi. Mwisho kuna nafasi ya tathmini na maoni, ambayo mwalimu mvivu huijaza hata kabla ya kuingia darasani.

Siku ya kukaguliwa, mhadhiri kutoka chuoni hufika, mara nyingi bila taarifa, akaketi dawati la nyuma na fomu yake. Huangalia jinsi ubao ulivyogawanywa, kama swali la kwanza limeelekezwa kwa darasa zima kabla ya kutaja jina la mwanafunzi, kama mwalimu tarajali amegeukia ubao muda mrefu kuliko inavyofaa, kama zana aliyoibeba ameitumia au ameiweka mezani tu kama pambo. Baada ya kipindi hukaa naye nje, chini ya mti au kwenye ofisi ya walimu, wakapitia andalio mstari kwa mstari. Wapo wahadhiri wanaoifanya kazi hiyo kwa moyo wote na wapo wanaokimbilia shule inayofuata. Mtu aliyewahi kupitia mazungumzo hayo na mhadhiri makini atakumbuka zaidi dakika hizo ishirini kuliko muhula mzima wa nadharia za ujifunzaji.

Mazoezi ya kufundisha ndiyo mila ambayo chuo kilitakiwa kuijenga chenyewe, na ndiyo iliyobebeshwa mzigo mzito kuliko yote. Shule za kata ziliongeza idadi ya shule ambazo wanafunzi wangeweza kupelekwa, jambo zuri. Lakini nyingi ziko mbali na barabara, wanafunzi wa chuo nao waliongezeka kwa kasi, na kila ziara ya mhadhiri ni gari, mafuta na posho. Katika hali hiyo ukaguzi hupungua kwanza kwa idadi, kisha kwa kina. Tatizo jingine ni kwamba shule yenye uhaba mkubwa wa walimu humpokea mwanafunzi wa mazoezi kama mwalimu kamili: anakabidhiwa vipindi vyote vya somo, hana mwalimu mwenyeji wa kumwangalia, kwa kuwa mwalimu mwenyeji hayupo. Hapo mazoezi yanageuka kuwa kazi ya kujitolea. Shule inanufaika, chuo kinapata alama za kuandika, na mwalimu tarajali anakomaa kwa tabu, ila kile kilichokusudiwa, yaani kujifunza chini ya jicho la aliyetangulia, hakikutokea.

Hesabu ya masomo

Muundo wa chuo ulipangwa kwa busara. Mkwawa ina vitivo vitatu, cha elimu, cha sanaa na sayansi za jamii, na cha sayansi, na vyote vitatu vilianzishwa kwa ajili ya walimu. Mlimani mwanafunzi wa ualimu husoma historia au fizikia akiwa mgeni katika darasa la watu wa fani hiyo, ilhali Mkwawa yeye ndiye mwenyeji, na mhadhiri wa kemia anajua kwamba anayemfundisha atakwenda kuifundisha kemia hiyo kidato cha pili. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa ya uamuzi wa 2005 ambayo haisemwi vya kutosha.

Kasoro ilikuwa kwenye uwiano. Darasa la historia, jiografia au Kiswahili hupanuliwa kwa kuongeza viti na kipaza sauti. Darasa la fizikia hupanuliwa kwa maabara, vifaa, kemikali na mafundi sanifu, na zaidi ya hayo linahitaji vijana waliofaulu sayansi kidato cha sita, ambao ni wachache. Ufaulu wa hisabati katika mtihani wa kidato cha nne umekuwa chini ya robo ya watahiniwa kwa miaka mingi, kwa hiyo bwawa ambalo chuo kinavulia walimu wa hisabati linakauka kwa sababu hakuna walimu wa hisabati. Vyuo vilipanua pale palipopanuka kwa urahisi. Mikopo ya elimu ya juu nayo iliupa ualimu kipaumbele, na kijana aliyekosa uwezo wa kulipa ada alikuwa na sababu nzuri ya kuchagua shahada ya ualimu wa sanaa hata kama hakuwahi kuota kushika chaki.

Matokeo yalionekana mapema. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2012, watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata daraja sifuri, hali iliyosababisha Waziri Mkuu Mizengo Pinda kuunda tume na matokeo kupangwa upya. Si haki kuwatupia lawama wahitimu wa kwanza wa Mkwawa na Chang'ombe, ambao walikuwa na miaka minne tu kazini na wachache mno kulinganisha na idadi ya shule. Lakini tukio lile lilithibitisha kwamba shule zilitangulia mbali na walimu hawakuzikuta. Miaka michache baadaye Serikali ilianza kutamka wazi kwamba walimu wa sanaa wanatosha na kwamba upungufu umebaki katika sayansi na hisabati.

Kisha dharura ikarudi katika sura nyingine. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipewa jukumu la kuendesha stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi kwa vijana waliomaliza kidato cha nne. Mei 2016 zaidi ya wanafunzi 7,000 wa programu hiyo walirudishwa nyumbani baada ya masomo kusimama, na baadhi yao wakahamishiwa baadaye katika vyuo vya ualimu. Rais aliyekuwa madarakani ni yuleyule aliyesoma stashahada ya ualimu wa sayansi Mkwawa mwaka 1981, wakati chuo cha stashahada kilikuwa na wakufunzi wake, sare zake na mistari yake ya asubuhi. Yeye alitetea uamuzi huo kwa hoja kwamba chuo kikuu si mahali pa wanafunzi wa aina hiyo. Hoja hiyo inaweza kujadiliwa, lakini kinachohusu kisa hiki ni kwamba Mkwawa ya 1981 ilikuwa tayari ikifanya kazi ambayo Dodoma ilitakiwa kuianza upya. Kuipandisha hadhi kuwa chuo cha shahada kulijaza pengo moja na kuacha jingine wazi, na pengo lililoachwa ndilo la sayansi.

Mwaka huohuo wa 2016 ada ilifutwa mpaka kidato cha nne, wanafunzi wakaongezeka tena, lakini ajira zikapungua wakati Serikali ikihakiki vyeti vya watumishi. Hapo ukavunjika mkataba ambao haukuandikwa popote na ambao chuo kiliujengea juu yake: kwamba anayehitimu ualimu hupangiwa kituo. Wahitimu wa kwanza wa Mkwawa walisubiri majina yao kwenye orodha ya Wizara. Wa sasa huomba nafasi kupitia mfumo wa kielektroniki, hushindana na maelfu waliohitimu miaka iliyotangulia, na katika siku za karibuni hufanyiwa usaili. Jambo hili linakilazimisha chuo kuamua alama za mazoezi ya kufundisha zina uzito gani mbele ya mwajiri, kwa sababu mpaka sasa msailiwa hupimwa kwa mtihani wa maandishi na mahojiano, na fomu ya mhadhiri aliyeketi dawati la nyuma hubaki kwenye jalada la chuo bila kuombwa na mtu.